Ukuta Wenye Kiu

Nyumba nyingi za Tanga zina mstari. Mstari huo huanzia sakafuni na kupanda mpaka usawa wa goti, mara nyingine kiuno, na katika nyumba zilizochoka kabisa, usawa wa kifua. Juu ya mstari rangi imetulia. Chini yake rangi imevimba kama ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto, lipu inabanduka vipande vipande, na pale ilipobanduka pana unga mweupe unaofanana na chumvi kwa sababu ni chumvi hasa. Mwenye nyumba atakwambia kwamba ukuta unatoa jasho. Atakwambia pia kwamba ameshaupiga lipu mara mbili, na baada ya masika haya, Mungu akijalia, ataupiga mara ya tatu.

Sote tulifundishwa darasani kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali nzuri, na kwa mambo mengi ya maisha ni kweli. Lakini ukizifuatilia kuta zenyewe katika pwani hii ya kaskazini, kuanzia magofu ya Tongoni hadi vichochoro vya Pangani na mitaa ya Ngamiani, utakuta jambo linalokwenda kinyume na methali. Wengi wanaojenga ukuta upya ni wale walioziba ufa. Waliuziba kwa saruji, wakaupiga msasa, wakaupaka rangi ya mafuta, na ndani ya miaka michache maji ya ardhini yakapanda juu zaidi ya yalipokuwa yakiishia mwanzo.

Nilianza kuyafuatilia haya nikiwa natafuta mada ya tasnifu yangu ya shahada ya uzamili katika historia. Nilidhani ninaandika habari za majengo. Nilipofika katikati niligundua kwamba ninaandika habari za kazi: nani aliyeutunza ukuta, kwa malipo gani, na nini kilitokea alipoacha kuutunza.

*

Tuanze na ardhi yenyewe. Mji wa Tanga umekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyokuwa chini ya bahari zama ambazo kina cha bahari hakikuwa hiki cha leo. Mwamba huo una vitundu na mianya mingi kama mkate wa kumimina. Mvua za masika na vuli, ambazo kwa mwaka hupita milimita 1,000, hazikai juu kwa muda mrefu, huzama. Ndiyo maana visima vilichimbwa uani, na ndiyo maana ardhi ya chini haikauki kabisa hata kiangazi. Ukitaka kuona maji na mawe ya chokaa yanavyofanyiana yakiachwa peke yao, nenda Amboni, kilomita chache kaskazini mwa mji. Mapango yale hayakuchimbwa na mtu. Ni maji yaliyoingia katika ufa, yakaulamba mwamba taratibu, na yakaendelea kuulamba kwa muda ambao akili ya binadamu haiwezi kuuhesabu.

Katika nchi za baridi watu huchimba chumba chini ya nyumba, wakahifadhi humo viazi na mvinyo, kisha wakatumia fedha nyingi kuyazuia maji yasipenye kuta zake. Nyumba ya kale ya pwani yetu kwa kawaida haina chumba cha namna hiyo. Wajenzi waliijua ardhi yao. Walichofanya ni kuinua vyumba na kushusha ua. Ukitembelea Gedi, karibu na Malindi, au Songo Mnara kule Kilwa, utaona nyua zilizoshushwa chini kuliko sakafu za vyumba, ukiziteremkia kwa vidaraja. Mvua ikinyesha, maji yalikuwa na pa kwenda, na hapo si penye miguu ya kitanda. Nje, mbele ya nyumba, lilijengwa baraza. Sisi leo tunalijua baraza kama mahali pa kunywea kahawa na kuchezea bao, na kweli ndiyo kazi yake. Lakini baraza pia ni jiwe nene lililoegemezwa kwenye mguu wa ukuta, likipokea matone yanayorukaruka kutoka chini wakati wa mvua kubwa. Likichakaa hutengenezwa lenyewe, na ukuta hauguswi.

Ukuta wenyewe ulikuwa mnene, mara nyingi nusu mita au zaidi, umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyochimbwa nchi kavu na kushikizwa kwa mchanganyiko wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi yaliwekwa akiba kwa kazi za mapambo, kama vile fremu za milango na kibla za misikiti, kwa sababu huchongeka kirahisi kabla hayajakauka na kuwa magumu. Kisha ukuta wote ulivikwa lipu ya chokaa, na juu ya lipu ikapakwa niru.

Hapa ndipo penye siri, ingawa kwa fundi wa zamani haikuwa siri. Maji hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi wa kibatari. Hayahitaji kusukumwa, vitundu vidogo vya jiwe na chokaa vinatosha kuyanyonya. Ukuta usiotenganishwa na ardhi utakunywa tu, upende usipende. Lakini chokaa, kwa kuwa nayo ina vitundu, huyaruhusu maji hayo yatoke. Yakishapanda shubiri kadhaa hukutana na hewa na upepo wa bahari, nayo hukauka. Chumvi iliyokuwa ndani ya maji hubaki juu ya niru, niru hubabuka, watu huifagia na kupaka nyingine. Ukuta ulikunywa usiku na kupumua mchana. Kilichoharibika ni ile ngozi ya nje kabisa, nyembamba na ya bei rahisi, na iliwekwa pale makusudi ili iharibike.

Mtu anaweza kusema kwamba wazee walitumia chokaa kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kuzuia maji. Si kweli, na ushahidi uko misikitini. Karibu kila msikiti wa mawe wa pwani ulikuwa na birika la kutawadhia, na birika kazi yake ni kushika maji yasivuje. Mafundi walelipiga chokaa safu baada ya safu, wakalisugua mpaka likawa laini na zito, na maji yakakaa. Watu haohao, kwa chokaa hiyohiyo, walijua kuyafungia maji ndani ya birika na kuyafungulia njia ndani ya ukuta. Waliamua nini kizibwe na nini kiachwe kipumue.

*

Kilomita zipatazo 17 kusini mwa Tanga, kando ya barabara iendayo Pangani, pana kijiji cha Tongoni. Jina lenyewe lina maana ya mahameni, mahali palipohamwa. Zamani mji uliitwa Mtangata. Vasco da Gama aliyapitia maji yake mwaka 1498, na mojawapo ya meli zake, São Rafael, ilipanda fungu karibu na hapo. Aliporudi kutoka India mwanzoni mwa mwaka 1499, mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa, aliichoma moto meli hiyohiyo katika pwani hii kwa kukosa watu wa kuiendesha. Kilichobaki Tongoni leo ni gofu la msikiti na makaburi yapatayo 40, baadhi yakiwa na nguzo. Nguzo nyingi zimeshaanguka.

Kwa mtafiti wa kuta, Tongoni ni darasa la aina yake kwa sababu inaonyesha ukuta usiotunzwa na mtu yeyote. Paa limekwenda, niru imekwenda, lipu imebaki viraka viraka. Bado sehemu za kuta zilizojengwa katika karne ya 14 au ya 15 zimesimama. Mikoko iko karibu, bahari iko karibu, maji ya chumvi yako chini ya miguu, na chokaa haijakubali kuisha. Hiyo ndiyo sifa ambayo hutajwa sana na wapenzi wa majengo ya kale, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini kusimama siyo kukalika. Nyumba ya mtu haitakiwi kusimama tu. Inatakiwa iwe kavu, safi, na nyeupe. Na weupe ulikuwa na bei.

Fikiria kazi yake. Kwanza magogo, mengi ya mikoko, yalikatwa na kupangwa kwa mduara, safu juu ya safu, likawa tanuri kubwa lisilo na kuta. Juu yake yalimiminwa mawe ya matumbawe. Moto uliwashwa kutoka katikati, na ulihitajika kufika joto la karibu sentigredi 900 ili jiwe ligeuke chokaa hai. Kisha rundo liliachwa lizimwe kwa mvua na umande, kwa miezi. Ndipo likachekechwa, likachanganywa, likabebwa kichwani. Kwa upande wa dari na sakafu kazi ilikuwa nzito zaidi: chokaa na kokoto za matumbawe zilimwagwa juu ya boriti za mikoko, na watu wengi walijipanga wakazipondaponda kwa vijiti siku nzima, siku baada ya siku, wakiimba ili mikono iende pamoja. Wageni waliofika Unguja karne ya 19 waliiona kazi hiyo na kuieleza. Wengi wa waliokuwa wakiponda walikuwa wanawake na watoto, na wengi walikuwa watumwa.

Ukiwa umefika Pangani, jambo hili halikwepeki. Pangani ya karne ya 19 ilikuwa lango la misafara ya pembe za ndovu na mji wa mashamba ya miwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika kitabu chake cha mwaka 1995 kuhusu mji huo na vita vya mwaka 1888, ameonyesha jinsi watu wa Pangani walivyogombania heshima: nani ni muungwana, nani ni mgeni, nani ana haki ya kuketi wapi. Nyumba ya mawe ilikuwa sehemu ya ugomvi huo. Mtu wa nyumba ya udongo alikuwa mtu wa leo na kesho. Mtu wa nyumba ya mawe alikuwa na mizizi. Na nyumba ya mawe iliyopoteza weupe wake ilimtangaza mwenyewe kwamba mambo yamemwendea kombo. Kwa hiyo niru haikuwa kinga ya maji tu. Ilikuwa pia tangazo la kila mwaka kwamba mwenye nyumba bado ana watu wa kuwaamrisha.

Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mfumo uliomlea ulikufa polepole zaidi. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitangaza tu kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya mwaka 1905 atakuwa huru. Waingereza, baada ya kuichukua nchi, ndio waliouondoa kisheria mwaka 1922. Katikati ya tarehe hizo watu wengi waliondoka wenyewe bila kungoja karatasi. Walikwenda relini, walikwenda mashamba ya katani, zao lililoletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto Pangani, kabla ya kuenea mkoa mzima. Walikwenda kuishi Tanga mjini, kujenga nyumba zao wenyewe za fito na udongo.

Sasa tazama zile nyumba za mawe walizoziacha. Nani atachoma tanuri? Nani atapanda juu ya dari mwezi wa pili, kabla ya masika, na kuziba mahali palipopasuka? Tumezoea kusema kwamba nyumba za kale za Pangani zilianguka kwa sababu watu walipoteza ujuzi. Ujuzi haukupotea siku moja. Kilichopotea kwanza ni kazi ya bure. Chokaa inapumua vizuri mradi kuna mtu wa kuihudumia, na mtu huyo alipopata hiari ya kukataa, alikataa. Siwezi kumlaumu.

*

Wakati huohuo kitu kingine kilikuwa kikishuka bandarini. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893, na pamoja na mataruma na vyuma walileta saruji. Saruji ya kisasa ilisajiliwa na Mwingereza Joseph Aspdin mwaka 1824, na mwishoni mwa karne hiyo ilikuwa inasafirishwa duniani kote. Majengo ya Kijerumani yaliyobaki Tanga, kama ile hospitali ya zamani ya Bombo inayoitwa Cliff Block, yanatuonyesha wakati wa mpito. Kuta ni nene na veranda ni pana. Jengo limeinuliwa juu ya ardhi, kwa sababu Wazungu wa wakati ule waliihofia ardhi yenye unyevu na homa zake. Walichukua mawe na chokaa ya pwani, wakaongeza vyuma na saruji ya kwao pale walipohitaji nguvu. Saruji bado ilikuwa kitu cha kuhesabiwa, hakikumwagwa ovyo.

Kilichobadilisha mambo ni saruji kuwa ya hapahapa. Kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kuzalisha mwaka 1966. Mwaka 1980 kiwanda cha Pongwe kilianza, kilomita chache magharibi mwa mji wa Tanga, juu ya mawe yaleyale ya chokaa ambayo wazee walikuwa wakiyachoma kwa magogo. Jiwe ni moja. Moto ndio umetofautiana. Pongwe jiwe husagwa pamoja na udongo na kuchomwa kwa joto la karibu sentigredi 1,450, na kinachotoka hakirudi kuwa jiwe laini lenye vitundu. Huwa kigumu, kizito, na hakipitishi maji kirahisi. Serikali ilihimiza nyumba bora, na nyumba bora machoni pa watu ilikuwa ya tofali na bati. Asiyeweza kujenga ya tofali aliivika nyumba yake ya udongo koti la saruji ili ionekane ya tofali. Ngamiani nzima ilianza kubadilika ngozi.

Mzee mmoja wa Ngamiani, fundi mwashi aliyestaafu, alinieleza upande huu wa historia ambao sikuusoma popote. Nilimkuta barazani kwake baada ya sala ya alasiri.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na zile habari zako za chokaa?"

Nilimuuliza kwa nini mafundi wa rika lake waliiacha chokaa haraka vile, nao waliijua. Alinyoosha viganja vyake akanionyesha.

"Chokaa inakula mikono. Inakula macho. Ukimaliza kupaka nyumba moja, ya kwanza inakungoja tena. Simenti ilipokuja tulishukuru, usituone wajinga. Unapiga lipu leo, unalipwa, unakwenda zako. Mwenye nyumba naye anajua amemaliza."

"Lakini hakumaliza, babu."

"Hakumaliza. Lakini miaka mitano ya kwanza anaona amemaliza. Miaka mitano kwa maskini ni mingi."

Nilikaa na jibu hilo kwa muda mrefu. Vitabu vya uhifadhi huandika kana kwamba saruji ilikuwa upumbavu uliowapata watu wasiojua. Kumbe iliingia kama ahadi, na ahadi yenyewe ilikuwa ya maana: kwamba mtu asiye na watumwa, asiye na watoto wengi wa kutuma, mjane mwenye vyumba vinne vya kupangisha, naye anaweza kuwa na ukuta mweupe bila kuurudia kila mwaka. Ilikuwa ahadi ya kuustaafisha ukuta.

*

Ahadi ilishindwa kwa sababu maji hayakuambiwa.

Ukiuvika lipu ya saruji ukuta uliojengwa kwa chokaa au udongo, maji ya ardhini yanaendelea kupanda kama kawaida. Yanapofika pale ambapo zamani yalikuwa yakitoka, yanakuta mlango umefungwa. Hayarudi chini. Yanapanda zaidi, yakitafuta mahali pengine pa kutokea, ndiyo maana mstari unahama kutoka goti kwenda kiuno na kutoka kiuno kwenda kifua. Chumvi nayo, badala ya kukauka juu ya niru, inakaukia nyuma ya lipu. Chembe zake zikikua zinasukuma, na lipu inabinuka. Katika nyumba ya udongo hali ni mbaya zaidi, kwa sababu udongo ukilowa unalainika huku koti la saruji likibaki gumu. Siku moja koti lote linaanguka kama mlango, na ndani unakuta ukuta umeshakuwa tope.

Na maji yenyewe yameongezeka. Zamani maji yalitekwa kisimani, yakabebwa kwa ndoo, yakatumiwa kwa kipimo. Leo Tanga inakunywa maji ya bomba kutoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini bomba linalovuja chini ya ardhi halina mtu wa kulionea huruma. Linamwaga usiku na mchana kando ya msingi. Choo cha kuvuta kimeingia uani na shimo lake liko hatua mbili kutoka ukuta wa chumba cha kulala. Ua uliokuwa mchanga umemwagiwa zege, kwa hiyo mvua ikinyesha haizami tena pale palipokuwa wazi, inakwenda kuzama pembeni kabisa, ukutani. Barabara nje imeinuliwa mara tatu, na nyumba ambayo babu aliipandia kwa ngazi mbili sasa unaishukia. Unguja, katika Mji Mkongwe, wataalamu wa urejeshaji wamekuwa wakiyahesabu mambo haya kwa miongo kadhaa: mabomba mabovu, mifereji iliyoziba, lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Kule kuna mamlaka ya kusimamia mji tangu mwaka 1985, na jina katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Ngamiani haina orodha yoyote. Ina watu tu.

Mmoja wa watu hao ni shangazi yangu. Nyumba yake ni ya vyumba sita na ukumbi katikati, nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingine, ya fito, udongo na mawe madogo, yenye lipu ya saruji iliyopigwa kabla sijazaliwa. Chumba cha kushoto mwa mlango kimekosa mpangaji kwa sababu godoro likiegemezwa ukutani linaota ukungu. Nilipomaliza kumweleza habari za utambi na kibatari, alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwanangu, nimekuelewa. Sasa niambie bei, siyo historia."

Ni haki yake. Na bei ndiyo inayonizuia kumaliza insha hii kwa kusema turudieni chokaa. Chokaa ya zamani ilikula mikoko, na mikoko ndiyo inayozuia bahari isile ardhi. Ilikula matumbawe, na matumbawe hai ndiyo nyumba ya samaki wanaolisha mkoa huu. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka kuyarudisha matanuri yale ufukweni, wala kuwarudisha watu waliokuwa wakiponda dari kwa amri. Chokaa ya nchi kavu ipo. Inachomwa Amboni mpaka leo, ila hutumika zaidi viwandani na migodini, na fundi wa mtaani aliyezoea mfuko wa simenti hana sababu ya kuitafuta. Akiitafuta atahitaji kujifunza upya kuilowesha, kuingoja, kuipaka kidogo kidogo. Kungoja nako ni gharama.

Lakini katika kuzungumza na mafundi nimejifunza kwamba sehemu kubwa ya hekima ya zamani haikuwa chokaa. Ilikuwa mpangilio wa hatua, na hatua nyingi ni za bei nafuu. Kwanza unayapa maji pa kwenda: mfereji wa bati kwenye paa, mtaro mdogo wenye mteremko kuzunguka nyumba, bomba linalovuja likarekebishwa, shimo la choo likasogezwa mbali pale inapowezekana. Pili unaufungua ukuta: unabandua lipu ya saruji kutoka chini mpaka juu kidogo ya mstari, na kuuacha wazi kiangazi kizima ukauke. Nyumba itaonekana mbaya, majirani watasema, na itabidi uvumilie. Tatu, pale ulipobandua, unarudisha kitu kinachopumua, iwe chokaa au udongo wenye chokaa, ukijua kwamba utakipaka tena. Saruji inabaki na kazi zake, nazo ni nyingi: jamvi la nyumba mpya juu ya karatasi ya nailoni, kozi za msingi, nguzo, karo la maji. Nyumba mpya iliyotenganishwa na ardhi tangu siku ya kwanza ni habari nyingine kabisa. Tatizo ni nyumba ya zamani, ambayo haikutenganishwa, na haiwezi kutenganishwa sasa bila kuibomoa.

Ukizitazama hatua hizo tatu, mbili za kwanza zinahitaji jembe, uvumilivu na shilingi chache. Ya tatu inahitaji kukubali jambo ambalo ahadi ya saruji ilitufanya tulisahau: kwamba nyumba haimaliziki. Wazee wa Mtangata na Pangani walilijua hilo, lakini walilitatua kwa kuwabebesha watu wengine mzigo wake. Sisi hatuna tena ruhusa hiyo, na tunashukuru kwamba hatuna. Kilichobaki ni kuugawana mzigo: mpangaji na mwenye nyumba, mtaa na halmashauri inayoinua barabara bila kuuliza maji yataelekea wapi, na vyuo vyetu vinavyofundisha uashi kana kwamba Tanga haikuwa na ukuta kabla ya tofali la simenti.

Fundi tuliyeongea naye alikubali kwenda kuutazama ukuta wa shangazi. Hakuugusa ukuta. Alizunguka nyumba mara mbili, akatazama juu kwenye ukingo wa bati, akatazama chini, akachimba kwa ncha ya fimbo karibu na msingi, akanusa ule udongo. Kisha akauliza bomba la jirani linapita upande gani.